Bendi za Panadol na Bendi za Dripu

Morogoro ni mji unaojisifia magitaa. Kaa popote wanapokunywa kahawa, utaje muziki, utasimuliwa bendi zilizopiga hapa zamani mpaka watu wa Dar wakawa wanapanda treni kuja kucheza. Wasimuliaji wenyewe wengi hawakuwepo, ila kila mmoja ana baba mdogo aliyekuwepo. Kwa ujinga wangu nikadhani mji wa namna hiyo ungemwelewa kijana anayependa magitaa. Haukumwelewa. Ulisema ana jini.

Kijana huyo ni mdogo wangu. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaobana mifupa mpaka mtu anasahau jina lake, halafu unamwachia siku kadhaa apumue kabla haujarudi. Tuliishi Mji Mpya, vyumba viwili vya kupanga: mama, yeye na mimi. Baba alikuwa mtu wa mkoa mwingine, alikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akaoa, akapata watoto, akaenda kwao kusalimia na njia ya kurudi akaisahau. Mama ni Mluguru wa Kinole. Alikuwa na meza ya viungo sokoni, na jioni alirudi akinukia iliki na mdalasini kuliko nyumba ya harusi. Mimi nilitoa fotokopi kwenye steshenari moja Mazimbu, karibu na chuo.

Muziki wa Kijapani ulituingilia kupitia katuni. Wanafunzi wa chuo walikuwa wanakuja na flashi zimejaa katuni za Kijapani, na mmoja wao alipojua nina mgonjwa nyumbani akaniwekea nyingi kwenye simu. Mgonjwa huchoka kuangalia dari. Nikampelekea mdogo wangu, nikategemea atafurahia mapanga na watu wanaoruka juu ya mapaa. Nilimkuta anairudisha sehemu ya mwanzo, ile yenye wimbo na majina, ambayo kila mtu huiruka. Aliirudisha tena na tena, katuni yenyewe hata hakuianza.

"Dada, achana na hawa wenye mapanga," akaniambia. "Sikia wanaopiga."

Nikasikiliza. Nilisikia fujo. Nikamwambia ni fujo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwenzake anayekula ndizi na ganda lake.

Kuanzia hapo kazi yangu pale steshenari ikawa na kazi nyingine ndani yake. Mteja akiondoka, naingia mtandaoni kumtafutia bendi. Shida ni kwamba majina yao yameandikwa kwa zile herufi zao, na mimi sikujua hata pa kuanzia kuzisoma. Kwa hiyo tukawabatiza wenyewe. Kulikuwa na Wadada wa Besi, wanawake watatu, na yule mwenye gitaa la besi alisimama miguu imetanuka kama anagombana na mpangaji mwenzake. Kulikuwa na Mhasibu, bendi ya mwanamume mwenye miwani aliyeimba taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi, halafu mwishoni alipiga kelele ambayo mhasibu yeyote aliyefukuzwa anastahili kuipiga. Kulikuwa na Watoto wa Shule, vijana wanne wenye mashati meupe walioanza kila wimbo vibaya, kila mmoja na njia yake, mpaka unataka kuzima, ghafla wote wanakutana na chumba kinajaa.

Si wote walifaa. Tulikutana na bendi nyingi za vijana warembo wenye nywele za rangi ya nanasi, wanacheza vizuri, magitaa yameshikwa kama pochi. Mdogo wangu aliwafuta bila huruma. "Hawa wanauza nywele," alisema.

Kipimo chake kilikuwa kimoja, na ni yeye tu angeweza kukibuni. Bendi ilipimwa kwa maumivu. Goti likianza kumbana, aliomba hedifoni, akafumba macho, baada ya nyimbo mbili tatu anatoa hukumu. "Hii ya panadol." Maana yake ni nzuri, lakini kwa kichwa tu. Iliyo bora zaidi aliiita ya sindano. Na chache sana, zile ambazo uso wake ulilegea kabisa na vidole vikaacha kung'ang'ania shuka, hizo alisema ni za dripu. Wadada wa Besi walikuwa sindano. Mhasibu alianza na panadol akapandishwa cheo. Watoto wa Shule walikuwa dripu tangu siku ya kwanza.

Nilimuuliza wanaimba nini. Akasema hajui na hataki kujua. "Nikiambiwa wanaimba mapenzi nitaudhika. Hapa nilipo wanaimba habari za goti langu." Alichokipenda, aliniambia, ni jinsi walivyosikilizana. Akanionyesha mahali ambapo mpiga ngoma alimsubiri mwimbaji avute pumzi. Kidogo tu, mtu asiyejua hasikii. Baada ya kuonyeshwa sikuweza tena kutosikia, na hapo ndipo mimi nami nikanaswa. Nikaanza kuwatafuta kwa tamaa yangu mwenyewe, nikirudi nyumbani mbio kumwonyesha niliyempata, tukibishana ni sindano au panadol. Katika maisha yangu sijawahi kubishana na mtu kwa raha namna ile.

Alikuwa anapiga ngoma. Si ngoma ya kweli, angeipata wapi? Alipindua beseni la kufulia, akalipakata, akachukua miko miwili ya ugali, akapiga sambamba na Watoto wa Shule, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, kichwa kinatikisika, na pale wote wanapokutana alicheka. Kicheko cha sauti, cha mtu mwenye afya. Alicheka mpaka jasho likamtoka, na mimi nikacheka kwa kumtazama.

Majirani walikuwa na maoni, maana maoni hayanunuliwi dukani. Mama mwenye nyumba alisema zile ni sauti za watu wanaochinjwa. Mwingine akasema ndiyo maana haponi, anakaribisha vitu asivyovijua. Mwingine, bila kushusha sauti, mlangoni kwetu: "Sikio la kufa halisikii dawa." Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, lakini watu wa mtaa wetu walikijua kitanda cha mdogo wangu kuliko yeye aliyelala juu yake.

Na mama? Mama alitoka alfajiri, akarudi jioni. Akiingia tu, beseni lilikuwa limerudi bafuni na mdogo wangu amekuwa mgonjwa. Sisemi alijifanya. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila mbele ya mama yalitoka yote kwa pamoja: "Mama, mguu. Mama, maji. Siyo hayo, ya moto." Na mama, hata kabla ya kuvua viatu, aliketi kitandani na kuanza kumkanda. Alimjua mwanawe kwa vipimo: joto, macho yamekuwa njano kiasi gani, mkojo una rangi gani, vidonge amekunywa au bado. Ukimuuliza mwanawe anapenda nini, angekwambia uji wa ulezi. Nilikuwa namkasirikia kwa hilo, na sijaacha.

Sasa niseme habari ya watani, maana bila hao hadithi yangu haina maana.

Kwetu Uluguruni, kila ukoo una ukoo mwingine ambao ni watani wake. Mtu akifa, siku ya kuanua matanga mtani huvaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya watu wote: alivyotembea, alivyogomba, alivyoomba chumvi. Watu hucheka mpaka wanalia, na kilio kikishachanganyika na kicheko, msiba umekwisha. Mtani hakasirikiwi, hata afanye nini. Na mfiwa haigizi. Kazi ya mfiwa ni kukaa kwenye mkeka na kutazama.

Mjomba mkubwa wa mama alipofariki tulipanda Kinole sote watatu, mdogo wangu amevaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya mlimani. Mtani wa siku ile alikuwa bibi mmoja mnene, hodari, anayeitwa misiba ya mbali. Alivaa kanzu ya mzee, akatema tumbaku, akaanza kumfokea mbuzi kama mzee alivyozoea kumfokea mbuzi wake, na mjane akacheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa kweli kama mzee amerudi kuaga.

Mdogo wangu hakucheka. Tulipokuwa tunateremka kurudi mjini akaniambia, "Dada, siku yangu wataigiza nini?"

Nikamwambia anyamaze.

"Watachechemea," akasema. "Watalia mguu, mguu, halafu basi. Watu watasema ndiye huyo, watakula, wataondoka. Dada, mimi nina mambo mengine. Mwambie yule bibi."

Nikamwambia tena anyamaze, halafu nikamwahidi. Alikuwa ananiomba jambo moja tu: kwamba akishakufa, angalau kwa dakika chache, watu wamwone mtu na si ugonjwa.

Alifariki kipindi cha masika, baridi ilipomshika kifuani. Ilikuwa asubuhi, wodini, na aliyekuwa naye ni mama. Mimi nilipigiwa simu nikiwa kwenye mashine ya fotokopi. Watu wakaja kutupa pole na wote walisema neno moja: amepumzika. Kama vile hakuwa na shughuli nyingine duniani ila kuumwa. Nilitaka kumuuliza mmoja wao, amepumzika na nini? Na Mhasibu? Na ubishi wetu? Lakini msibani huulizi, unajibu ahsante.

Akazikwa Kinole jioni ile ile, kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, tukasikia tu miguu ya wanaume ikipanda kuelekea makaburini.

Kabla ya siku ya kuanua matanga nilimtafuta yule bibi mtani. Nilimkuta nyuma ya jiko anamenya ndizi pamoja na wanawake wengine. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Pole. Ingawa kwa ulafi wa ukoo wenu, nyie mnafiwa ili mle."

Huo ndio utani, nikatabasamu inavyotakiwa. Halafu nikamwita pembeni, nikamweleza yote. Beseni, miko, ulimi, kicheko. Nikampachika hedifoni sikioni, nikampigia Watoto wa Shule. Nilitegemea aitoe haraka kama wote. Hakuitoa. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho, kisu cha ndizi mkononi, kichwa kimeinama.

"Wanapiga," akasema. "Hawa watu wanapiga kweli."

"Basi bibi, mwigize hivyo."

Akanirudishia hedifoni polepole. "Mjukuu wangu, watu wanacheka wanachokijua. Nikikaa pale na beseni watasema mtani kachanganyikiwa. Hakuna atakayejua ni nani."

"Ndivyo alivyokuwa, bibi."

"Kwako," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Bibi akatoka ndani amevaa sweta ya mdogo wangu, ile ya bluu, imembana tumboni. Alikuwa amejipaka manjano kuzunguka macho. Kinole manjano haikosekani nyumba yoyote. Alishika fimbo, akachechemea hatua tatu, akaanguka kwenye mkeka, akaita kwa sauti nyembamba, "Mamaaa! Mguu! Mamaaa, maji! Siyo hayo, ya moto!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Niwe mkweli, alipatia. Ile "ya moto" ilikuwa yake kabisa, hata pumzi iliyofuata. Nilimtazama mama. Alikuwa anacheka, machozi yanatiririka, anajipigapiga paja, na anaitikia, "Naam mwanangu! Nakuja mwanangu!" kama alivyoitikia miaka yote ile. Wanawake wakamshika mabega, nao wakicheka na kulia. Msiba ulikuwa unakwisha vizuri, kila mtu ameridhika, na mdogo wangu alikuwa amekuwa kile kile alichokiogopa.

Hasira iliyonipanda sijui niiite nini. Niliinuka. Kulikuwa na beseni la maganda karibu na jiko, nikalimwaga, nikachukua miko miwili iliyokuwa kwenye sufuria, nikaenda kukaa katikati ya uwanja pembeni ya mtani. Nikalipindua beseni nikalipakata. Nikatoa ulimi pembeni ya mdomo. Nikaanza kupiga Watoto wa Shule, kile kipande cha mwanzo kibaya, na kuimba yale maneno tuliyokuwa tunayaimba bila kuyajua, kichwa kinatikisika, kilemba kimefunguka. Na pale wote wanapokutana nikacheka kicheko chake. Kilitoka. Kwa mara ya mwisho nilikisikia.

Nilipoinua macho, hakuna aliyekuwa anacheka. Watu walinitazama kama wanavyotazama nyumba inayoungua. Mwanamke mmoja akaanza kusoma dua. Mjomba, mdogo wake mama, ambaye ndiye mwenye sauti katika ukoo, akasimama.

"Mshikeni huyo. Mfiwa haigizi!"

Bibi mtani akageuza uso wake wa manjano, akanitazama, akawatazama watu. Akauliza kwa sauti ya kila mtu asikie, "Jamani, na huyu naye ni nani aliyekufa?"

Uwanja ukapasuka tena, kuliko mara ya kwanza. Alikuwa na haki yake, ni mtani. Lakini alikuwa ameniambia kabla, na sasa alinithibitishia: hakuna hata mmoja aliyejua. Wanawake wawili wakaninyanyua kwa makwapa, wakaniingiza ndani. Nje nilimsikia mjomba akitangaza kwamba ukoo wetu utawalipa watani kuku kwa kuingilia kazi yao, na watani wakimjibu kwamba kuku mmoja hatoshi kwa wendawazimu wa kiasi kile.

Mama akaingia baadaye. Akawaambia wale wanawake watoke. Akaketi mkekani, akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Ulikuwa unamwigiza nani?" akauliza.

"Mwanao."

Akakitazama kilemba changu kilichofunguka. Nilidhani ameudhika, nami nilikuwa tayari, nilitaka aanze ili nimmalize.

"Alikuwa anacheka vile?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Kila siku, mama," nikasema. "Ukiwa sokoni."

Nilisema hivyo ili imchome. Nilitaka mtu mmoja katika mlima ule aumie kwa kutomjua, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Akaikunja khanga kwenye vidole, akaikunjua.

"Kwa hiyo nikifika mimi ndiyo anaanza kuumwa."

"Hakuwa anakudanganya," nikasema, na sauti yangu sasa ilikuwa imepungua. "Kwako ndiko alikoweza kulia. Kwangu hakulia kamwe."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mteja anayekubali bei asiyoipenda. Nje walikuwa wanaimba. Nikaanza kutamani anipige.

"Tangu amezaliwa namwomba Mungu kitu kimoja," akasema. "Sikuomba apone, nilishajua haponi. Niliomba nimwone mwanangu anacheka, siku moja tu, kama watoto wa wenzangu. Kumbe alishanijibu. Amenijibu kila siku, nami niko sokoni nauza iliki."

Nilimshika mkono. Aliutoa, si kwa ukali, akajifunga khanga vizuri kiunoni na kuinuka. Watani walikuwa bado hawajala, akatoka kwenda kuwapakulia.